Bi Quayle na Tao la Watawa

Mheshimiwa Meya, Mchungaji Mkuu wa Kanisa Kuu, waheshimiwa madiwani mliokalia viti vyenye mito, na ninyi majirani mliokosa hata benchi: hamjambo?

Mimi ni Wilfred Sugden, mwashi wa Kanisa Kuu kwa miaka thelathini na minne. Nimeombwa niseme machache juu ya tao hili, mlango wa ukumbi walimokula chakula watawa miaka mia saba iliyopita. Nimemsikia Meya akisema kwamba halmashauri “imelilinda kwa wivu mkubwa.” Hongereni! Paka naye huwalinda panya kwa wivu mkubwa.

Je, mmeisahau barua yenu? Mliliita “ukuta chakavu usio na thamani,” mkaamuru libomolewe, yapatikane maegesho ya magari. Barua ilimfikia Bi Hester Quayle, muuza samaki na chipsi, maana tao limo uani kwake. Tingatinga lilipokuja, alitoa kiti, akaketi chini ya tao, akaanza kumenya viazi.

“Mama, ondoka! Ukuta huu utakuangukia!” akafoka ofisa wenu.

“Umesimama tangu enzi za watawa, mwanangu. Leo uanguke kwa kuiogopa kofia yako?”

Siku tisa alimenya, mvua ikimnyeshea. Na wasomi wa mji huu, wenye vitabu vyao kuhusu mawe ya kale, walikuwa wapi? Wewe Diwani Pilkington ulipita hapo, ukanunua chipsi, ukalalamika kwamba siki haitoshi!

Nami sijitoi. Nilikuwa nikimchungulia kutoka dirisha la juu la kanisa, nikiihofia kazi yangu. Siku ya kumi homa ya mapafu ilimwangusha, akabebwa hospitali. Ndipo haya iliponishika, nikashuka, nikaketi pale alipokuwa ameketi. Majirani wakaniona, wakaja na viti vyao, mmoja mmoja, hadi tingatinga likakosa pa kupita, nanyi mkaifuta amri yenu.

Leo mwenyewe hakupewa hata kadi ya mwaliko. Yule pale langoni, na mkongojo wake.

Waheshimiwa, mliniagiza nichonge kibao chenye majina kumi na mawili ya kamati yenu. Mniwie radhi. Mkono umezeeka, na jiwe ni dogo. Limeingia jina moja tu.

Bi Quayle, njoo uvute pazia lililofunika kibao. Mheshimiwa Meya, mshikie mkongojo.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia.