Binti Aliyetumwa Ngazi

Sogezeni viti, wanangu, mkae upande huu wa dirisha niwaone vizuri, na wewe kitinda mimba zima hiyo simu, kwa sababu nataka kuanza na jambo ambalo limenishinda kwa miaka ishirini na mitatu na naona nitaondoka nalo hivyohivyo. Chini ya kitanda hiki kuna kasha la mbao lenye barua za watazamaji, zile walizokuwa wakituandikia kabla ya mambo ya simu. Nimezisoma zote, nyingine mara tatu. Kuna mtu aliyelalamika kwamba saa ya ukutani kwenye sebule ya kipindi chetu inaonyesha saa kumi na dakika kumi mwaka mzima. Kuna mama aliyetuma kipande cha kitambaa akitaka tubadilishe pazia. Kuna mstaafu aliyehesabu vikombe vya chai akagundua tulianza na sita tukabaki na vinne, akataka kujua nani anavunja. Lakini hakuna hata mmoja aliyeandika kuuliza: yule binti aliyetumwa kuazima ngazi kwa jirani, mbona hajarudi?

Kitinda mimba, wewe ulikuwa hujazaliwa, kwa hiyo nivumilieni nieleze tangu mwanzo. Mimi na rafiki yangu mwandishi, yule aliyeacha kazi akaenda kufuga kuku, tulianzisha kile kichekesho tukiwa na kamera mbili na viti arobaini vya watazamaji. Kilikuwa kipindi cha familia iliyopanga vyumba vitatu. Baba alikuwa mimi. Mama alikuwa yule mwigizaji ambaye mpaka leo watu sokoni wanamwita mke wangu, na mama yenu alikuwa akimwambia, "Mke mwenzangu, mchukue basi na ufue mashati yake." Binti alikuwa wewe, mwanangu mkubwa, wewe uliyekaa karibu na mlango kama mtu atakayeondoka saa yoyote. Sikulaumu kukaa hapo. Kaa hapo hapo, ila sikiliza.

Yule baba niliyemwigiza mwanzoni hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mwoga aliyefikiri sana, aliyekuwa akimwandikia mwenye nyumba barua ndefu za kumweleza ukweli wake halafu hazitumi. Watu walicheka polepole, kicheko cha mtu anayejiona yeye mwenyewe. Mwaka wa tatu tukarekodi kipindi cha balbu. Balbu ya sebuleni imeungua, mimi nakwambia, "Kaniazimie ngazi kwa jirani," wewe unatoka. Nikatakiwa nikusubiri nikimlalamikia mama yako kuhusu giza. Badala yake, sijui nini kilinipata, nikapandisha kigoda juu ya meza nikapanda. Mguu wa kigoda ukavunjika. Nilianguka kweli, wanangu, na ubavu huu wa kushoto haujawahi kusahau. Watazamaji walicheka mpaka mpiga picha akashika ukuta. Tukamaliza onyesho gizani, na ngazi haikutajwa tena.

Wiki iliyofuata mwongozaji akaniomba nianguke kutoka kitandani. Iliyofuata, ndani ya beseni. Watazamaji wakaongezeka mara tatu, na hilo msilipuuze, kwa sababu mimi pia sikulipuuza. Nikapewa jina la Mzee Puu. Nikipita barabarani watu wazima wenye heshima zao wananiambia, "Mzee Puu, anguka kidogo tuone." Siku tunamzika mama yenu palikuwa na mtu getini ameshika simu juu, ananitazama miguu, na niliona usoni mwake kwamba hana ubaya wowote. Alikuwa ananipenda. Sijui mtu amfanye nini anayempenda hivyo.

Basi kipindi kikaendelea, kikanenepa. Mwenye nyumba, ambaye mwanzoni alipogonga mlango hata mimi mwigizaji moyo ulinidunda, akawa mpumbavu wa kupigwa na ufagio. Mke wangu wa runingani, aliyekuwa na majibu makali kuliko sisi sote, akabakiwa na kupiga kelele. Wakaja mapacha, akaja mjomba tajiri, ikaja harusi, harusi nyingine, na mwaka mmoja, nadhani wa kumi na nne, ukaja mzuka. Nilipokuwa naingia sebuleni kwangu nililazimika kusimama mlangoni kusubiri makofi yaishe. Nani anaingia kwake hivyo? Mapacha walipofika tukawaandalia chumba, na mimi mwenyewe nikaonyesha kwa mkono, "Mtalala kile chumba kitupu." Kilikuwa chumba chako, mwanangu. Nilisema hivyo mbele ya watu na ulimi wangu haukukwama.

Nimejaribu kutafuta ni lini kiliharibika. Nimeangalia vipindi vyote kwenye kitanda hiki, na kila ninapofikiri nimekipata kile cha kwanza kibovu, nakuta ndani yake dakika mbili nzuri, na kile cha kabla yake kina dakika tano mbaya. Nikawauliza watu. Kinyozi wangu anasema kiliharibika mwaka wa tano. Daktari anasema wa tisa. Mwanamke anayeniletea maziwa ananiambia hakijaharibika, na anaupenda mwaka wa mzuka kuliko yote, kwa kuwa mwaka huo alikuwa anamuuguza mama yake na walikuwa wanakitazama wote wawili kitanda kimoja. Nikaja kugundua kila mtu ananitajia mwaka wake mwenyewe, mwaka aliokuwa na nafasi moyoni. Sasa niamini nini? Labda kipindi hakikuzeeka, tulizeeka sisi. Lakini nikitazama ile sura yangu ya mwaka wa ishirini, inavyojua mapema kwamba itaanguka, naona hapana, kuna kitu kilikuwa kimeshatoka mlangoni.

Nisogezeeni mto. Hapo hapo. Asante.

Mwanangu mkubwa, nimeutafuta ukurasa unaosema uondolewe. Hakuna. Ulikuwa na mitihani wiki iliyofuata kipindi cha balbu, mwandishi akakupumzisha kipindi kimoja. Baada ya hapo yeye alidhani nitamwambia ukiwa tayari, mimi nilidhani ataandika, mwongozaji alidhani tumeshapatana nyumbani kama familia. Hakuna aliyekufukuza. Nilizoea kujiambia hivyo kwa miaka mingi, hakuna aliyekufukuza, kama vile hilo ni afadhali. Mama yenu ndiye aliyeniambia, mwaka anaondoka, kwamba ulivaa viatu vya kipindi ukakaa kizingitini Jumamosi sita mfululizo, ukingoja nikwambie twende. Mimi nilikuwa nakuruka nikipanda gari, nakwambia, "Soma kwa bidii." Na ulisoma. Umekuwa mwalimu wa kemia, watoto wa watu wanakuogopa na kukupenda. Hujawahi kuangalia kipindi hata kimoja tangu siku ile, na mimi nilidhani ni masomo.

Kuna jambo jingine linalonichanganya zaidi. Nilikuwa na kumbukumbu moja ninayoipenda, ya siku uliyong'oka jino ukalia, nikakupakata karibu na dirisha nikakuhadithia habari za jino langu. Mwezi uliopita nilikukumbusha, ukanitazama kwa upole ukasema, "Baba, ile ilikuwa runingani. Nyumbani jino langu aling'oa mama." Tangu siku hiyo nazipitia kumbukumbu zangu moja moja, natafuta kamera ndani yake. Hata sebule yetu hii ya nyumbani niliipaka rangi ileile ya studio, sijui kwa nini. Asubuhi nyingine naamka natafuta upande wanakokaa watazamaji.

Sasa mambo yaliyobaki. Nyumba ni yenu watatu, isiuzwe mpaka wote watatu mmekubali kwa mdomo, mkiwa mmekaa meza moja. Kasha la barua nampa kitinda mimba. Wewe hukuwepo, labda utaona nisichokiona. Koti la Mzee Puu, lile la kipindi lililo kwenye msumari, lisivaliwe na mtu nje ya studio. Mwandishi mpelekeeni salamu, mwambieni sina kinyongo kuhusu yule mjomba tajiri, ingawa nilikuwa nacho, miaka kumi na miwili.

Na wewe wa kati, mwanangu uliyebeba kampuni ya kipindi mgongoni. Najua mkataba wa kituo cha televisheni uko kwenye droo yako. Miaka mitano zaidi, Mzee Puu mpya, koti langu, jina langu. Najua kuna watu ishirini na wawili wanaopata riziki kwako, na fundi taa ana watoto chuoni. Kwa hiyo sisemi usaini na sisemi uchane. Nimelala hapa wiki tatu nikipima na mizani inayumba tu. Ninachosema ni hiki: neno la ndiyo au hapana nalitoa mkononi mwako na mkononi mwangu, nalipeleka kwa dada yako. Kipindi kilimtuma, kisiamue lolote kabla hajarudi.

Usininunie, mwanangu. Hata wewe ulikuwa na miaka minane, ulikuwa unakula naye sahani moja, na hukuuliza.

Wewe uliye mlangoni, sikulazimishi. Nimekulazimisha vya kutosha kwa kunyamaza. Ila ukiweza, siku moja, ingia kwenye ile sebule na ngazi. Usiandikiwe maneno na mtu, sema utakalo, hata la kunitukana, na pasiwekwe kicheko cha kubandika. Halafu ndipo useme kama kipindi kiendelee au kiishe, na mdogo wako atekeleze kama ulivyosema, bila kukuuliza mara mbili.

Nimechoka kidogo. Fungueni... hapana, acheni pazia. Lile lile la studio. Yule mama alikuwa na haki, ni baya kweli. Nilitaka kusema kitu kuhusu... kuhusu vikombe. Viwili. Kimoja nilivunja mimi. Cha pili sijui.

Inameni basi. Mungu awape nyumba ambazo mtu akitoka, kuna anayeuliza amefika wapi. Awape watu wa kuwacheka na kuwasikia pia. Mkubwa wangu, njoo... hapa karibu. Jino lile, mama yako aling'oaje? Kwa uzi? Niambie taratibu. Ulilia sana? Nilikuwa wapi mimi... niambie...

*

Binti mkubwa alimwambia, akiwa ameinama kitandani: kwa uzi, na hakulia sana, na baba alikuwa studio. Mzee alifumba macho akisikiliza, na hakuyafumbua tena.

Mkataba ulikaa kwa mwalimu wa kemia siku tisa. Siku ya kumi alimpigia simu mdogo wake, yule wa kati. "Kipindi kimoja," alisema. "Halafu basi. Ukitaka anzisha kingine na watu wako walewale, lakini koti libaki kwenye msumari." Mdogo wake akasema, "Sawa, dada," na kesho yake akaurudisha mkataba kituoni yeye mwenyewe, haujasainiwa.

Walirekodi mwisho wa mwezi uliofuata, mbele ya viti arobaini. Sebule ilikuwa na giza, saa ukutani ikionyesha saa kumi na dakika kumi, na mama wa runingani, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, amekaa karibu na kiti kitupu. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke wa miaka thelathini na sita amevaa miwani, amebeba ngazi ya mbao begani. Hakusimama kusubiri makofi.

"Umechelewa," alisema mama wa runingani.

"Jirani alikuwa anaitumia."

Akaiegemeza pale palipostahili. Mdogo wake, ambaye hakuwahi kuigiza maishani, akatoka nyuma ya kamera akaja kuishika kwa chini. Dada akapanda, akafungua balbu iliyoungua, akafunga mpya, taa ikawaka. Kisha akashuka hatua kwa hatua, na hakuna aliyeanguka.