Dk. Aliko Andrea Mwasubila, 1982–2025: Aliyeyahesabu Maji ya Mbaka

"Dada, mmemzika shangazi kwenye njia ya maji! Mara ngapi nimesema? Ninyi mnanisikiliza kwa sikio gani?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa malalamiko ya mwisho ya marehemu, kwa simu, Jumapili ya tarehe 9 Machi 2025. Siku iliyotangulia, ukoo ulikuwa umemzika shangazi yake hapa Mwaya, naye hakufika kwa sababu ya mitihani chuoni. Dada yake Tusekile, ambaye ndiye aliyeandika haya na ndiye anayeyasoma, alikuwa anapepeta mchele huku simu ameibana begani. Akamjibu kwamba waliokufa hawaogopi kulowa, na kwamba mtu asiyefika msibani hana haki ya kuchagua kaburi. Marehemu akapandisha sauti. Akasema anakuja Jumamosi, atakaa na baba mdogo Wilson uso kwa uso, walimalize suala la makaburi. Tusekile akamwambia, "Uje na gambuti, maana kabla ya makaburi kuna nusu ngwe yangu ya mpunga unayodaiwa." Wakacheka. Wakakata simu.

Amekuja Ijumaa. Amewahi siku moja, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kufika mahali kwa wakati, na amekuja ndani ya sanduku. Wapendwa waombolezaji, mkiona wasifu huu umeanza na ugomvi badala ya kuzaliwa, mjue familia bado haijakaa sawa. Kichwa kinakataa kuelewa kilichotokea. Sasa turudi panapostahili.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Novemba 1982 hapa Mwaya, wilayani Kyela, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu mzee Andrea Mwasubila na Bibi Tupokigwe. Alikuwa mtoto mtulivu, isipokuwa mvua ikinyesha. Mvua ikinyesha ilikuwa lazima atafutwe. Akiwa na miaka saba aliuziba mfereji wa nyuma ya nyumba kwa udongo na magunzi, maji yakaingia jikoni, yakazima moto na kuondoka na sufuria ya ndizi. Mama alimshika sikio akamuuliza alikuwa anafikiri nini. Akajibu, "Nilitaka kuona yatapita wapi." Alichapwa. Wala haikusaidia kitu, kwa sababu miaka thelathini baadaye alikuwa analipwa mshahara kwa swali hilohilo.

Elimu ya msingi aliipata hapahapa Mwaya kuanzia mwaka 1990 hadi 1996, na sekondari Kyela mjini, 1997 hadi 2000. Baada ya kidato cha sita jijini Mbeya alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu shahada ya hisabati mwaka 2006. Mwaka 2009 alikwenda Stuttgart, Ujerumani, akarudi Oktoba 2013 na shahada ya uzamivu, miwani, na koti zito la baridi kwa ajili ya dada yake. Koti la baridi, Kyela! Watu walifika kulitazama kama wanavyotazama mtoto mchanga. Tusekile alilivaa mara moja tu, na hiyo mara moja itaelezwa.

Kuanzia Januari 2014 marehemu alikuwa mhadhiri na mtafiti katika chuo kikuu kimoja jijini Mbeya. Kazi yake ilikuwa hesabu kubwa ambazo kompyuta moja haiziwezi, zinazofanywa na kompyuta nyingi kwa mpigo. Kati ya hesabu zote aliipenda ya maji: mvua kubwa ikinyesha milima ya Rungwe, ziwa nalo likiwa limejaa, mto Mbaka utamwagikia wapi, na utaishia mlangoni kwa nani. Mwaka 2021 alimchukua dada yake akazione mashine zenyewe. Zimesimamishwa ndani ya makabati kama sahani za bibi harusi, chumba kina baridi inayouma meno. Ndipo koti la Ujerumani lilipopata kazi. Tusekile aliuliza kwa nini mashine zinapepewa namna ile wakati wanafunzi aliowapita nje wanatoka jasho. Marehemu akasema, "Wanafunzi hawaungui, dada."

Februari 2022 alikuja hapa Mwaya, yeye na wanafunzi wake, kupima kimo cha ardhi. Waliwakuta wanawake wakipalilia mpunga wa Tusekile. Wageni wetu wa mbali wafahamu kwamba hapa tunapalilia kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Shamba hugawanywa vipande virefu, kila mtu na ngwe yake, na anayeiacha ngwe njiani hudaiwa hata awe nani. Marehemu alisimama ukingoni akaanza kusomesha.

"Mnaona? Kompyuta zangu ndivyo zinavyofanya. Kila moja na ngwe yake. Mpakani zinaulizana, maji kwako yamefika wapi, kwangu yamefika hapa, halafu zote zinasonga mbele pamoja."

"Na ikiwepo moja mvivu?" Tusekile akauliza.

"Zote zinasimama kuisubiri. Kazi yangu mimi ni kuzigawia ngwe vizuri ili asiwepo wa kusubiriwa."

"Kwa hiyo umekwenda mpaka Ujerumani kusomea unyapara."

Wanawake walicheka mpaka wakaketi kwenye matope. Marehemu naye alicheka, akakunja suruali, akaomba ngwe. Alifika nusu, akiwa ameng'oa mpunga mwingi kuliko magugu, simu ikalia kwamba chuoni umeme umekatika na mashine zimelala. Akaondoka na matope magotini. Tangu siku hiyo salamu yao ikawa ni hiyo. Dada anasema, "Nusu ngwe yangu iko wapi?" Mdogo mtu anajibu, "Inakuja." Na kila msimu Tusekile aliipalilia nusu ile mwisho kabisa, kwa kumngoja na kwa kumkomoa.

Safari ileile ndiyo iliyoleta uhasama wa vigingi, na kwa kuwa kila mtu hapa anaujua, hakuna sababu ya kuuficha. Wanafunzi walichomeka vigingi vya chuma vyenye rangi nyekundu ili wakirudi wapimie kuanzia palepale. Baba mdogo Wilson, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, aliamini ni vigingi vya kuuza ardhi. Akaking'oa kimoja kwenye mwinuko ulio mwisho wa shamba la Tusekile, akakichomeka bondeni. Wanafunzi wakarudi, wakapima, kompyuta zikahesabu, zikatoa jibu kwamba mto Mbaka unapanda kilima. Marehemu alihangaika wiki nzima akitafuta kosa kwenye hesabu, kumbe kosa linatembea Mwaya na fimbo yake. Walipokosana, baba mdogo alikichukua kigingi nyumbani kwake akasema hakitarudi. Toka hapo, kila marehemu alipotaja makaburi ya ukoo yaliyo kule bondeni, aliambiwa aende akawafundishe Wajerumani.

Tarehe 21 Desemba 2013 marehemu alifunga ndoa Kyela mjini na Marystella, mwalimu wa kemia aliyepangiwa kazi wilayani hapa akitokea Muleba, mkoa wa Kagera. Ukoo uliogopa kwamba mtu wa Kagera atazidharau ndizi zetu. Kweli alizidharau, na mpaka leo anazidharau, lakini mume alimpenda na mama mkwe alimheshimu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Monica na Ezra. Marehemu alikuwa baba wa kukaa sakafuni. Alicheza nao kwenye beseni la maji hadi mama yao akapiga marufuku beseni sebuleni.

Sasa kuna sehemu ya kuugua, ambayo katika wasifu wa watu wengine huwa ndefu. Yeye hakuugua. Hakuna aliyemuuguza, hakuna aliyemkorogea uji, hakuna mchungaji aliyeitwa kumwombea. Jumatano ya tarehe 12 Machi 2025 aliamka mzima, akawapeleka watoto shule, akaenda chuoni. Mwanafunzi wake Hamza, kijana wa Tanga ambaye yuko hapa nasi, alikuwa naye. Anasema mwalimu alianzisha hesabu ya bonde zima, kutoka mlimani mpaka ziwani, hesabu aliyoiandaa miaka mitatu. Alipoona mashine zimeanza kwenda akasema, "Haya, sasa tuziache zifanye kazi." Akainuka kufuata chai. Akasema neno moja, "Kichwa," akaanguka. Hospitalini madaktari walisema ni mshipa uliopasuka ndani ya kichwa. Saa kumi na moja jioni alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Tusekile alikuwa shambani. Simu ililia, kioo kikaandika Aliko. Hakungoja kuamkiwa. Akasema, "Nusu ngwe yangu iko wapi?" Halafu akasikia sauti ya Marystella inasema, "Wifi," na tena, "Wifi," na neno jingine halikuja. Mpaka leo Tusekile hajui simu hiyo ilikatwa na nani.

Jana Ijumaa, mwili ulipofika, vijana walikuwa wameshashika majembe kwenda kuchimba bondeni, pembeni ya mzee Andrea. Ndiyo desturi, mtoto hulala karibu na baba yake. Baba mdogo Wilson alikuwa ameshawaonyesha mahali. Mama, Bibi Tupokigwe, ambaye tangu Jumatano hakuwa amesema la maana, akamwita Hamza akamketisha mkekani.

"Mwanangu, ile hesabu yake ya maji ni ya kweli?"

"Mama, alipoanguka ilikuwa haijaisha," Hamza akasema. "Mashine hazikujua. Ziliendelea. Zimemaliza Alhamisi mchana."

Alhamisi mchana turubai lilikuwa linafungwa hapa na wanawake wamelala chini wakilia, na kumbe kule Mbeya kazi ya marehemu ilikuwa bado inatembea, kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo tu kunywa chai.

"Zikasemaje?"

"Mvua kubwa ya milimani ikikutana na ziwa lililojaa, maji yatapita juu ya makaburi ya ukoo. Mwinukoni kwa shangazi Tusekile hayafiki. Lakini siku yenyewe hatuijui, Mama. Sitakudanganya. Inaweza isiwe enzi zetu."

"Kwa hiyo," baba mdogo Wilson akasema, "tumtenge na baba yake kwa ajili ya mvua isiyokuwa hata na tarehe?"

Watu wakamgeukia Tusekile, maana huyo hakosi la kusema. Yeye akamtazama Mama. Ni Mama aliyejibu, tena kwa upole.

"Shemeji yangu Wilson, mwanangu alikuwa anakuja kesho kubishana na wewe. Amefika, lakini mdomo hana. Utamshinda mtu asiyeweza kujibu?"

Baba mdogo aliinuka akaondoka bila kuaga. Wengi tulijua amesusa msiba. Vijana waliweka majembe chini, wasijue waende wapi. Kisha tukamwona anarudi kwa njia ya shambani, na mkononi ana kile kigingi, rangi nyekundu imebanduka nusu. Akapita kwenye matope na viatu vyake vya ibada. Akapanda mwinukoni, akazunguka akitafuta kwa mguu, akakisukuma ardhini kwa mikono miwili.

"Kilikuwa hapa," akasema. "Chimbeni."

Hapo ndipo marehemu anapolazwa leo, Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, wa kwanza wa ukoo kulala juu. Mama amesema wengine watamfuata kwa wakati wao, na hakuna haja ya kusukumana.

Marehemu ameacha mama yake, Bibi Tupokigwe, mke, Marystella, watoto, Monica na Ezra, kaka yake Emanueli wa Tunduma, dada yake Tusekile, baba yake mdogo Wilson, na wanafunzi ambao wamekuja na basi zima na wanalia kama waliozaliwa naye.

Limebaki moja. Kama ilivyo desturi, mwenyekiti wa kamati atasimama atangaze kwamba anayemdai marehemu aonane na familia. Tusekile alikuwa amejiandaa kusimama, kwa sababu haki ni haki. Lakini jana, vijana wa kijiji wakiwa wanachimba, Hamza alimfuata pale chini ya mwinuko.

"Shangazi, ile nusu ngwe ni ipi?"

"Wewe umeijulia wapi?"

"Chuoni kazi yoyote isiyomalizika tunaiita hivyo. Alikuwa anatuambia, msije mkaniachia nusu ngwe kama mimi kwa dada yangu."

Tusekile akaonyesha kwa kidole. Wanafunzi wakavua viatu, wakakunja suruali na sketi za msiba, wakajipanga bega kwa bega, wakaingia. Walipalilia kama mwalimu wao. Wameng'oa mpunga, wameacha magugu, na aliyewafundisha hata sasa ningemtia bakora. Lakini walifika mwisho wa ngwe, wote kwa pamoja, na hapakuwa na wa kusubiriwa.

Kwa hiyo Tusekile hatasimama. Dk. Aliko Andrea Mwasubila hadaiwi na dada yake. Nusu ngwe imefika.

Ndaga fijo, Aliko. Asante sana. Alale pakavu, alale kwa amani.