Msikikemee Kinachogonga Kifuani Mwangu

Bwana asifiwe! Asifiwe tena! Mama Shiro, naomba uketi. Vigelegele ngoja kwanza, bado sijasema kitu.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Njoki, fundi wa nguo hapa Makadara. Sare za kwaya mnazoziona mbele yenu nimezishona mimi, na ile inayombana mwenyewe kwapani si kosa langu, alikataa kupimwa. Lakini sijasimama kwa ajili ya hayo.

Mchungaji ameniita nitoe ushuhuda wa uponyaji. Hii ni mara ya pili. Ile mara ya kwanza nilikuwa nimetoka hospitali juzi tu, kidonda cha kifua bado kinavuta, nikasimamishwa hapa hapa. Shemasi akanishikia maiki, akaninong'oneza, "Sema umepona kabisa." Nikasema nimepona kabisa. Mkashangilia mpaka spika ikakoroma. Mimi nikarudi kwenye kiti nikihema kama mtu aliyepandisha mtungi wa maji ghorofani. Leo nimekuja kutoa ushuhuda wenyewe, tena wote, na atakayeuona mrefu avumilie. Mimi nimevumilia mengi kutoka kwenu!

Nilipokuwa mtoto koo liliniuma mara kwa mara. Nilipewa maji ya chumvi, nikaambiwa niende nikacheze. Nani angejua kwamba maradhi ya koo hushuka yakala moyo? Daktari alinieleza nikiwa mtu mzima, nikiwa na binti chuoni. Moyo una milango midogo, wao huiita valvu, inafunguka damu ipite na kujifunga isirudi. Wangu mmoja ulikuwa umeharibika, haufungi. Ndiyo sababu nilikuwa nakanyaga cherehani kidogo, napumzika. Ndiyo sababu nikitembea kwenda stejini kupanda matatu nilikuwa nasimama njiani nikijifanya nasoma simu, kumbe natafuta pumzi. Miguu ikavimba, viatu vikanikataa. Mwishowe wakanipasua kifua, wakautoa ule mlango mbovu, wakaniwekea wa bandia.

Nikaamka! Mungu ni mwema! Hapo sasa piga vigelegele, Mama Shiro. Hapo ndipo mahali pake.

Asante. Inatosha.

Sasa, ndugu zangu, wengi hufungia ushuhuda hapo. Mtu aliugua, akapasuliwa, akapona, amina, tupitishe sadaka. Hakuna aliyeniambia kwamba baada ya amina kuna safari nyingine. Nikikohoa, mfupa wa kifua unaniuma mpaka mgongoni. Niko nimeketi zangu, nakunja pindo la sketi, mara moyo unaondoka mbio kana kwamba umeitwa. Nalia ovyo. Uzi ukikatika, nalia. Na juu ya yote, ule mlango mpya unagonga. Tik, tik, tik. Nikiusikia naogopa, nisipousikia naogopa zaidi. Mteja ananieleza anavyotaka kola yake, na mimi nimeweka kidole shingoni, napima kama bado niko hai.

Niliogopa, ndugu zangu. Nilisema nimepona kabisa, na nilikuwa naogopa kila siku ya Mungu.

Nikisema nyumbani, binti yangu Njoki ananiambia, "Mathe, tulia bana! Si daktari alisema uko poa?" Baba Njoki ni mtu mwema, lakini nikianza tu habari za kifua anatazama dirishani na kusema, "Tumshukuru Mungu." Nikisema hapa kanisani, ndiyo balaa. "Usikiri ugonjwa, Mama Njoki! Ulimi huumba!" Jamani, nimechoka na hilo neno! Nimechoka nalo mpaka kwenye kucha. Nikisema viazi vinaungua, ni ulimi wangu umeviunguza? Si ni moto? Kwa nini mtu asiambiwe tu, pole, hebu tuone hiyo sufuria?

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa ananiuliza. Ni Mama Halima, anauza vitambaa karibu na kibanda changu. Wengi wenu mnanunua kwake. Yeye ni Mwislamu, na wala hajawahi kunihubiria. Kila asubuhi akishafungua duka anakuja, anasimama mlangoni pangu: "Umeamkaje leo?" Ninyi nyote huniuliza hivyo. Tofauti ni kwamba yeye akishauliza, haondoki. Anasimama pale anangoja. Mwanzoni nilimjibu, "Salama," akaendelea kusimama. Nikamwambia, "Mama Halima, nimesema salama." Akasema, "Nimesikia. Sasa sema zile nyingine, duka halina mteja bado." Nikamwambia yote. Hakunipa dawa wala aya. Alisema tu, "Pole mwenzangu, hiyo ni kazi," kisha akaenda kukunja vitambaa vyake. Siku hiyo nilikanyaga cherehani mpaka saa ya chai bila kugusa shingo.

Basi. Tuje kwenye maombi ya nyumbani kwangu, na naomba mtu asicheke, kwa maana mimi sikucheka.

Akina mama na wazee wachache wa kanisa walikuja kuniombea. Chai ikanywewa, wimbo ukaimbwa, tukafunga macho. Kukawa kimya. Tik, tik, tik. Mama Shiro, mwenyekiti wetu wa akina mama, akafungua jicho moja. "Hiyo saa inatuvurugia maombi. Iondoeni." Wakatafuta saa. Wakainua vitambaa vya makochi, wakachungulia nyuma ya televisheni. Saa ya ukutani iliishiwa betri zamani, ikabaki pambo. Nikawaambia, "Ni mimi. Ni moyo wangu."

Hapo mzee mmoja, simtaji, ameketi pale na tai nyekundu, akaruka juu. "Roho inayogonga ndani ya binti wa Mungu, toka!" Na wote wakaitikia: "Toka! Toka!" Mikono juu ya kichwa changu, mafuta yananitiririka machoni. Nikapiga kelele, "Isitoke! Jamani, isitoke! Ikitoka nitakufa!" Wakadhani ni pepo linajibu, wakaongeza sauti!

Nimekatwa kifua ili nikipate kitu hicho, ndugu zangu. Nanyi mnakifukuza!

Lakini hilo lilipita. Kilichokaribia kuniua ni mboga.

Mtu mwenye mlango wa aina yangu hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yake yote. Damu ikigandia kwenye ule mlango, bonge linaweza kwenda kichwani. Na mboga za majani zinapingana na dawa hiyo. Hospitali hawakunikataza mboga. Waliniambia nile kiasi kile kile nilichozoea, nisizidishe ghafla. Nikarudi nyumbani nikawaeleza akina mama vizuri kabisa.

Mama Shiro akashika kiuno. "Mtu amepasuliwa, amemwaga damu yote hiyo, halafu apimiwe mboga? Damu itatoka wapi? Sisi mama zetu walitulea kwa chakula gani?"

Wakapanga zamu. Mnajua kanisa letu likishapanga zamu hakuna wa kulizuia. Leo managu, kesho terere, keshokutwa kunde, na aliyechelewa sokoni anakuja na sukuma wiki. Tena huachiwi bakuli ule polepole, la! Mgonjwa hali peke yake. Wanaketi kwenye kochi wanakutazama mpaka sahani iwe nyeupe, na ukibakisha kidogo umekataa upendo wa kanisa. Niliwaambia mara ya kwanza. Niliwaambia mara ya pili. Nikaambiwa nina imani haba, managu hayajawahi kuua mtu. Ndugu zangu, mgonjwa ana pumzi ya kula au ya kubishana, hana ya vyote viwili. Nikala.

Asubuhi moja niko kibandani, nakata kitambaa cha kola. Mkasi ukaanguka. Nikainama kuuokota, mkono wa kulia ukakataa. Nikauangalia, huo hapo, ni wangu, na haunisikii. Hapo Mama Halima akatokea mlangoni. "Umeamkaje leo?"

Nikataka kumwambia. Maneno yakatoka kama uji. Na katika ule uji nilijaribu kusema "salama", kwa mazoea tu! Nusu yangu inakufa, na bado ninasema salama, kwa sababu mlinifundisha hivyo!

Angekuwa mwingine angesema, "Haya basi, siku njema," akaenda zake. Mama Halima alingoja. Akangoja jibu kama kawaida yake, na jibu halikuja. Akanitazama mdomo. Akapiga ukelele, "Mama Njoki hasemi! Mdomo umeenda upande!"

Na nani anafika wakati huo huo, amebeba mfuko wa managu? Mama Shiro! Zamu yake.

Nataka kusema kweli mbele ya Mungu. Mama Shiro amenisumbua kuliko ugonjwa. Lakini siku ile hakukemea kitu. Alitupa mfuko chini, managu yakamwagika mtaroni, akasimama katikati ya barabara akaizuia pikapu ya muuza nyanya kwa mikono miwili. "Maombi tutafanya njiani! Fungua nyuma!" Wakanilaza kati ya makreti. Mama Halima ameshika kichwa changu anasema, "Ya Rabbi, Ya Rabbi." Mama Shiro ameshika miguu anasema, "Yesu, Yesu." Na mimi katikati siwezi kusema lolote. Nilichowaza ni kwamba nitakufa kabla mtu hajanisikia. Hiyo ndiyo hofu kubwa kuliko zote nilizopata, hata kuliko ile ya kisu.

Tukafika. Wakanipima damu. Dawa ilikuwa imezidiwa nguvu, bonge dogo limeteleza kwenda kichwani. Daktari akauliza, "Amekuwa akila nini?" Na Mama Shiro, masikini, hakuelewa. Alidhani anapewa nafasi ya kushukuriwa. Akasimama wima. "Daktari, huyu tumemlisha! Managu, terere, kunde, kila siku, hajakosa hata mara moja!" Daktari akaweka kalamu chini. Akamtazama. Akanitazama.

Bwana alinihurumia. Lile bonge likayeyuka lenyewe kabla halijaniharibu, na jambo hilo si kila mtu hulipata. Kabla ya chakula cha mchana mkono ulikuwa umerudi, na baada ya mkono ulimi. Ndugu zangu, neno langu la kwanza halikuwa haleluya. Neno langu la kwanza lilikuwa, "Niliwaambia."

Mama Shiro akatoka nje akakaa kwenye benchi, akalia. Nilimsikia. Sikufurahi, ijapokuwa nilidhani ningefurahi.

Muuguzi mmoja wa kliniki alikaa nami akanifunza kuzitenga hofu zangu. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakipotea, pumzi ikiniishia, homa, damu isiyokatika, hapo nikimbie hospitali, nisiaibike wala nisingoje mtu. Zile nyingine, uchovu, mifupa, machozi, moyo kudunda kidogo kisha ukatulia, nizilete siku ya kliniki nizieleze. Akasema mwili uliopasuliwa hurudi polepole na kichwa nacho hurudi polepole. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kuogopa baada ya kupasuliwa ni jambo la kawaida. Nilidhani nimekosa imani peke yangu Nairobi nzima!

Niliporudi nyumbani niligombana na Mungu. Ndiyo, niligombana naye, mnaweza kuandika. Nilimwambia, "Bwana, kama ulitaka kuniponya, si ungemaliza kazi? Mimi nikishona nguo siiachi na pindo moja linaning'inia!" Nikanyamaza nisikie atakavyojibu. Tik. Nikamwambia, nimechoka. Tik. Nikamwambia, ninaogopa, na sitaki kudanganya tena. Tik. Nikalia, lakini safari hii sikuweka kidole shingoni. Huo mlango nilikuwa nauchukia, na muda wote huo ulikuwa ukifunguka na kujifunga kwa ajili yangu, nikiwa na imani, nikiwa sina.

Huo ndio uponyaji wangu. Bado nahema nikipanda ngazi. Jana moyo ulikimbia nikiwa naosha vyombo, nikaketi, ukatulia, nikamaliza vyombo. Hofu bado inakuja, ila siku hizi naisema kwa sauti, na ikishasemwa inapungua.

Na kuna watu waliobadilika. Mama Shiro alikuja nyumbani mikono mitupu. Akaketi. Akauliza, "Umeamkaje?" Kisha akangoja. Nilimwona anavyoteseka! Mdomo unamcheza, ana mistari ya Biblia imejaa shavuni, lakini akangoja mpaka nikamaliza kusema. Mama, nakushukuru mbele ya kanisa hili. Namshukuru Mama Halima, ambaye leo yuko dukani lakini nitamwambia nimesema.

Sasa naomba kinanda kizimwe. Akina mama, nyamazisheni watoto kidogo. Naweka maiki hapa kifuani.

Mmesikia?

Huyo ndiye mliyekuwa mnamwambia atoke! Mwacheni agonge. Mzee wa tai nyekundu, nimekusamehe.

Ndugu yangu uliyeketi hapo nyuma, uliyekuja na maumivu yako umeyafunika kwa koti zuri, mtegemee Bwana, na umwambie ukweli. Hakasiriki, mimi nimemjaribu. Kunywa dawa yako. Nenda kliniki yako. Na anayekulisha, mpe kipimo.

Nimemaliza. Nikitoka hapo mlangoni mtanisalimia, najua. Msiniulize kama nimepona. Niulizeni nimeamkaje leo, kisha mngoje jibu.

Amina.