Kivuko cha Kijani cha Kiminini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sina utani mwingi. Nina hasira, na nimekuja kumgawia kila mtu kipande chake.

Tunamkumbuka Mukhisa Wekoye, mchoraji wa mabango wa Kiminini. Kama umewahi kupita barabara ya Kitale kwenda Webuye, umeona kazi yake: kuku mwenye misuli kwenye ukuta wa hoteli, na kinyozi asiyefanana na mtu yeyote aliyezaliwa na mama. Sura za watu zilimshinda. Mkewe, Nabwile, alimwonya siku ya harusi: "Siku utanichora, narudi kwetu Endebess."

Lakini mistari aliijua.

Mbele ya shule ya msingi pale Kiminini hapakuwa na kivuko cha pundamilia, ile mistari myeupe ya kuvukia barabara. Watoto wawili waligongwa. Wazazi wakawaandikia wakubwa wa barabara barua, miaka mitatu. Jibu lilikuwa moja tu: rangi hakuna. Mukhisa akachoka. Akaenda kwa Gurmeet, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Nina kijani tu," Gurmeet akamwambia. "Mteja aliikataa."

"Si ni rangi?"

"Pundamilia wa kijani, Mukhisa?"

"Amekula nyasi za wakwe zangu Endebess, bana."

Jumapili moja akachora kivuko. Kivuko cha kijani. Madereva walicheka, lakini walisimama. Mwaka mzima. Narudia, mwaka mzima, hakuna mtoto aliyegongwa.

Halafu Jumatano, wiki mbili zilizopita, wakubwa wa barabara wakafika na lori. Ati kijani si rangi ya sheria. Wakamwaga lami, mistari ikafutika. Sikizeni vizuri. Miaka mitatu walikosa kopo moja la rangi nyeupe. Lami ya kufuta waliipata asubuhi moja.

Kesho yake, Alhamisi, Mukhisa hakumaliza chai. Nabwile anasema alivaa koti la kwaya, lile la kijani.

"Unaenda wapi na koti la kanisa?"

"Leo kivuko ni mimi, mama Dinah."

Alisimama katikati ya barabara, mikono juu. Watoto wanne wakavuka. Pikapu ikamgonga yeye. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Dereva aliwaambia polisi kwamba hakuona kivuko. Hapo ndipo ninapowaka, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu dereva alisema ukweli.

Tulimzika Jumamosi nyumbani kwao, Kanduyi. Mjumbe wa wakubwa wale akaja na shada la maua, akaomba kipaza sauti. Nabwile akainuka polepole.

"Umekuja na rangi, baba?"

"Rangi gani, mama?"

"Basi keti. Chakula kinakuja."

Akaketi.

Mama Nabwile, pole. Dinah, binti yake, pole sana. Kituo hiki kinalia nanyi. Na wewe uliye ofisini, unanisikiliza huku chai inapoa, jiulize: wiki hii umefuta nini cha mwenzako, na badala yake umeweka nini?

Kesho asubuhi, kabla ya kengele ya shule, wazazi watakuwa barabarani. Gurmeet ametoa makopo yaliyobaki. Dinah atashika brashi ya babake. Dereva, ukifika Kiminini ukaona kijani, cheka ukitaka. Lakini kwanza simama.