Mlinzi Asiyeitika

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Kijiji cha Heru Juu kimemzika Mama Theodosia Niyonkuru. Ndiye yule mama aliyesema msituni mna mlinzi. Wengi mliusikia mkasa ule nusunusu. Leo usikieni mzima.

Theodosia alizaliwa Burundi. Alivuka mpaka mgongoni mwa mama yake, vita nyuma, njaa mbele. Akakulia Heru Juu, akaolewa hapo, akapata uraia, akalima mihogo na maharage. Lakini maneno ya Kirundi hakuyasahau.

Nyuma ya shamba lake kuna msitu mdogo. Wazee husimulia kwamba humo alizikwa mwami, mtawala wa Waha wa zamani. Chini ya miti hiyo inatoka chemchemi. Vilima vya jirani vilishakatwa miti, na maji yake yakaenda zake. Imebaki hiyo moja, na kijiji kizima kinateka hapo.

Mwaka wa ukame, vijana wakaazimia kuufyeka msitu wachome mkaa. Theodosia akasimama mkutanoni. "Msiingie. Mle mna mlinzi."

Basi, wakaelewa vyao. Wakadhani kuna mtu kaajiriwa. Asubuhi wakaja na msumeno wa injini, na marungu ya kumtia adabu huyo mlinzi. Mbele yao Kipriani wa bodaboda, mabega kama mlango.

"We mlinzi! Toka tuonane!"

Kimya.

"Kalala," mmoja akasema. "Si ndiyo kazi yao!"

Akatokea Theodosia, peke yake, na ndoo yake. Akaegemea mti mmoja wenye gome la miiba na maua mekundu.

"Mnamtafuta nani? Huyu hapa. Kwetu mti huu huitwa umurinzi, yaani mlinzi."

Wakaangua kicheko. Kipriani hakucheka.

"Mama, wewe ulikuja kwetu umebebwa. Leo utufundishe miti yetu?"

"Nilibebwa, mwanangu. Na maji ya kwanza niliyopewa hapa yalitoka chini ya mti huu."

Kipriani akavuta kamba. Msumeno ukanguruma. Theodosia akageuka, akaukumbatia mti. Miiba ikamzama viganjani, damu ikateremka kwenye gome. Kipriani akasogea. Akasogea tena, hadi upepo wa mashine ukapeperusha kanga ya mama wa watu.

"Kipriani!"

Alikuwa bibi yake, amekuja kuteka maji.

"Ukate huo, na maji yangu usinywe tena! Babu zetu walipomzika mwami walichomeka umurinzi kaburini. Maana yake, hapa hapakatwi. Sisi wenyeji neno tumelipoteza. Huyu mgeni kalitunza, nawe unamletea msumeno?"

Mashine ikazimwa. Msitu ungali umesimama. Maji yangali yanatoka.

Mwana wa Theodosia, Marselino, anasema: "Viganja vya mama vilibaki na makovu. Akikushika mkono, ulikuwa unayasikia."

Marselino, na ukoo wote, poleni sana. Nanyi mnaosikiliza, kuanzia Kasulu hadi Murungu kule Kibondo, tujiulize. Watawala wa kale walipita, lakini walichopanda ndicho kinachotunywesha. Sisi tunachomeka nini, na nani atakumbuka jina lake?

Siku ya mazishi, Kipriani aliomba tawi moja tu la ule mti. Umurinzi ukichomekwa huchipua. Akalichomeka kichwani pa kaburi, akashindilia udongo kwa mikono.

Mwenzake akamnong'oneza: "Na huyu mlinzi wako, ataamka lini?"

Kipriani hakuinua kichwa.

"Hajawahi kulala."