Mtunza Bahari wa Tororo

Tarehe 30 Juni 1968, Bwana Osborn Omaido atastaafu kutoka Maabara ya Maji ya Tororo, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Mbuzi wa sherehe ya Jumamosi, tarehe 29, ameshanunuliwa, soda zipo, na hotuba ya Mkurugenzi, kama tunavyomjua, haitakuwa fupi. Lakini kuna jambo moja linatunyima raha sisi wenzake wa kazi, na ni afadhali liandikwe hapa mapema: hatuna hakika kama Bwana Omaido anaweza kuondoka.

Tumekwisha kumjaribu. Januari alilazimishwa kuchukua likizo yote aliyokuwa amelimbikiza, akaenda nyumbani kwake Sikuda. Aliporudi koti lilikuwa linamning'inia, na macho yametulia mahali pasipo na kitu. Mkewe, Mama Loy, alikuja ofisini mwenyewe, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama: "Huyu mtu mulinipa yote mara moja. Hapana kula, hapana lala, anaangalia tu dirisha. Mukinirudishia hivyo tena, mimi nakataa." Chupa zake za vijidudu, anazozilea hapa maabara, tuseme ukweli, hazikumlilia. Mikononi mwa Bi. Benedeta Etyang, anayerithi kazi hiyo, zilinawiri vizuri sana. Hilo hatukumwambia siku ile.

Aliajiriwa mwaka 1946 kuosha vyombo vya kioo, na kwa miaka mingi aliosha kwa furaha na kuvunja kwa kiasi. Kisha akaja Daktari Herbert, mtu wa suruali fupi na maswali marefu, akiwa na chupa chache alizozipakata kwenye treni kutoka Mombasa. Ndani yake mlikuwa na maji ya bahari na vijidudu vya kijani, vidogo mno kuonekana kimoja kimoja, ambavyo wenye elimu huviita bakteria. Hivi havili ugali wala samaki. Hujilisha kwa mwanga wa jua, kama majani ya mgomba. Daktari alitaka kujua vinavumiliaje chumvi ikizidi, akamkabidhi Bwana Omaido ulezi.

Ndivyo kilivyozaliwa Chumba cha Kijani. Asiyewahi kuingia humo alasiri, jua linapopita kwenye zile chupa, amekosa kitu. Ukuta wote hugeuka maji. Mikono yako hugeuka kijani, shati hugeuka kijani, na uso wa Bwana Omaido, akizunguka kuziongezea maji ya chumvi kwa kijiko chake cha mti, huonekana kama wa mtu anayetembea chini ya bahari bila kulowa. Wengi wetu tumetumwa mle kuchukua karatasi tukasahau tumefuata nini. Gari moshi hupiga honi stesheni, mwamba wa Tororo umesimama dirishani, na wewe unayumba taratibu na mawimbi ambayo hayapo.

Naye bahari yenyewe hajawahi kuiona. Mara mbili alipewa nafasi ya kwenda Mombasa kuchota maji, mara mbili akamwachia mwingine. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa Kiswahili chake cha mpakani: "Ile maji yote kwa mara moja? Macho yangu iko ndogo."

Mwishoni mwa 1961 mvua ilinyesha kama imekodiwa. Njia zikakatika, na mitungi ya maji ya bahari haikufika. Chupa zilikuwa zinangoja maji yake ya chumvi, na Daktari Herbert alianza kuongea peke yake. Hapo Bwana Omaido akapata wazo. Mama Loy ni bingwa wa chumvi ya majivu. Huchoma matete ya kinamasi, hutia majivu katika chungu chenye matundu, humimina maji, na yale yanayodondoka ndiyo mboga za Sikuda hulainishwa nayo hadi mtu asahau nyama. Chumvi ni chumvi, alisema Bwana Omaido. Daktari alionja, akashangilia, akasema hakuna maabara nyingine duniani ingefikiria hilo. Katika hilo alikuwa sahihi kabisa.

Wakazimiminia chupa chumvi ile. Siku chache baadaye Chumba cha Kijani kilikuwa cha manjano, na harufu yake hatutaieleza kwenye karatasi ambayo watu watasoma huku wanakula. Daktari alikaa sakafuni. Mama Loy, aliposikia, alikuja na kanga ya matanga. Wale tuliocheka siku ile tulicheka tukiwa nje, maana mle ndani Bwana Omaido alikuwa analia waziwazi.

Ila ilibaki chupa moja. Ilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, na Bwana Omaido, kama mjuavyo, hakujaliwa urefu. Chupa nyingine zilipomiminiwa kikombe kizima, ile ilipata tu kile kilichofika kwa kijiko cha mkono ulionyooshwa, tone leo, tone kesho. Humo mlikuwa bado mna bahari ya kutosha. Ilikuwa imefifia, lakini ilikuwa kijani.

Akapanda baiskeli hadi Busia, akavuka upande wa Kenya, akazunguka sokoni akionja chumvi ya mawe iliyokuwa imeletwa zamani kutoka pwani, gunia baada ya gunia, hadi mama mmoja mwenye duka, Nereah, akamuuliza, "Baba, hii chumvi unanunua ama ndiyo lunch?" Alirudi na mfuko mgongoni na kiu ya siku mbili. Akaanza upya na ile chupa moja: kijiko, angoje, aitazame, kijiko kingine. Mvua zilipokata na mitungi ikafika, rafu nzima ilikuwa imeanza kurudia rangi yake. Kila chupa iliyomo leo ni mtoto au mjukuu wa ile ya juu.

Baadaye Daktari alitueleza kwamba majivu yana chumvi ya namna nyingine, si ile ya bahari. Lakini alitueleza na hili, na ndilo tulilolishika. Chumvi ikipanda nje, maji humtoka kijidudu na mwili wake kusinyaa. Hata hivyo hana haja ya kufa. Akipewa muda huitoa chumvi iliyomwingia, na hujikusanyia ndani vitu vyake vya kushikilia maji, taratibu, hadi awe sawa na bahari mpya. Akishtuliwa tu, hawahi.

Sasa ndipo tunaporudi kwa Mama Loy na yale aliyosema ofisini. Alikuwa ametuambia jambo tulilokuwa tumelitazama ukutani miaka yote, na tukaona haya. Mkurugenzi ameridhia aondoke kidogo kidogo, Bi. Benedeta ameridhia kwa vigelegele, na Mama Loy amesema, "Sawa. Mulete kijiko kwa kijiko." Kwa hiyo Bwana Omaido hataondoka kwa mkupuo. Julai atakuja asubuhi za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Agosti tutampunguzia Jumatano. Kuelekea mavuno atakuja siku moja tu, kuonja chai na kukosoa. Chupa moja ataenda nayo Sikuda, iwekwe kwenye dirisha lile lile analolitazama. Kijiko cha mwisho kitakuja Krismasi: tiketi mbili za treni ya Mombasa, yake na ya Mama Loy.

Asante, Bwana Omaido, kwa bahari uliyotutunzia mahali pasipo na bahari. Tumekupenda, na tunaogopa kukukosa kuliko tulivyowahi kukuambia. Shamba likuitikie, usingizi ukuitikie, na Desemba, utakapofika ufukweni, macho yako yatakuwa yamezoea.

Tarehe thelathini ni Jumapili. Pumzika siku nzima. Jumatatu asubuhi tunakungoja.