Nailoni ya Mama Mkwe

Benchi letu limeegemea ukuta wa nyumba ya Fundi Viatu, chini ya dirisha la chumba cha wageni, na wiki hii lilikuwa kavu, raha tupu. Mimi ndiye ninayewauzia kahawa hawa watu wanaojua kila kitu. Asubuhi hiyo Fundi Viatu alikuja bila kusalimia. Mama mkwe wake, mgeni wa wiki ya pili, alikuwa ndani anafunga begi. Siku tatu mfululizo godoro lake lilikutwa limelowa, na mkwe mtu, kwa adabu zote, alimuuliza kama angependa atandikiwe nailoni. Nilimwonea huruma, ila nilicheka kwanza.

FUNDI VIATU: Mke wangu kasema mama akiondoka, na yeye anaondoka. Nisaidieni. Maji yanatoka wapi?

KINYOZI: Juu ya kitanda kuna nini?

FUNDI VIATU: Kiyoyozi.

KINYOZI: Basi ni jasho. Mtambo ukifanyishwa kazi bila kupumzika unatoka jasho. Hata mimi Jumamosi hunitoka.

Profesa, anayeitwa hivyo kwa sababu ya miwani, si kwa sababu ya shule, aliweka kikombe chini.

PROFESA: Jasho gani? Chumbani baridi, nje joto. Vikikutana hapo linaumbika wingu. Mama analala chini ya wingu.

KINYOZI: Wingu ndani ya nyumba?

PROFESA: Kwani wingu linabisha hodi?

Dereva Mstaafu akasogea ukingoni mwa benchi, na akisogea hivyo huwa hakuna heri.

DEREVA MSTAAFU: Wote mmepotea njia. Mwili wa binadamu una maji. Kile kitu kinayavuta, kikishiba kinatapika. Mwangalieni Fundi alivyokonda tangu akinunue.

FUNDI VIATU: Nimekonda kwa mawazo.

DEREVA MSTAAFU: Na mama mwenyewe ana mwili. Hapo kimepata kisima.

FUNDI VIATU: Kwa hiyo nikamwambie maji ni yake?

DEREVA MSTAAFU: Ndiyo. Kwa upole.

FUNDI VIATU: Si ndicho kilichonifikisha hapa, mzee wangu?

Nikawaongezea kahawa. Hakuna aliyefikiria kunyanyuka akaangalie.

Mlango ukafunguliwa, mama mkwe akatoka na begi lake. Tulisimama wote.

— Shikamoo mama.

— Marahaba.

Mama hakumtazama mkwewe. Alitazama ukutani, juu ya vichwa vyetu, ulipotokeza mpira mwembamba. Mpira ule ulikuwa umekunjwa kuelekea juu na kufungwa kwenye nondo ya dirisha kwa uzi mweusi wa kushonea viatu.

MAMA MKWE: Huu mpira unatoka kwenye kiyoyozi cha chumba changu?

FUNDI VIATU: Ndiyo, mama.

MAMA MKWE: Na maji yake mlitaka yapande?

Kinyozi aliangalia kucha zake. Profesa alifuta miwani. Siku nne nyuma mpira ule ulikuwa unatudondoshea maji vikombeni, tukalalamika, na Fundi Viatu akapanda juu ya benchi akaufunga kwa mkono wake. Tulimpigia makofi. Nami nilipiga, na nilimpa kikombe cha bure.

Fundi Viatu akapanda tena benchi, akaukata uzi. Maji yalimwagika yote kifuani mwake, na hakukwepa. Akashuka, akamwomba mama samahani.

Mama mkwe akaweka begi chini, akaketi upande mkavu.

MAMA MKWE: Nipe kahawa, mwanangu.

Nikamimina iliyobaki. Alikunywa taratibu, huku maji yakidondoka upande wa pili, tone kwa tone, mahali anapokaa mkwewe kila siku.

MAMA MKWE: Keti, baba. Mbona umesimama?

FUNDI VIATU: Hapa pamelowa, mama.

MAMA MKWE: Ile nailoni si ipo? Kaichukue utandike.

Alikwenda kuichukua.